Bahari ina chumvi kwa nini? Washa jiko ujionee

Tulikuwa Kunduchi, mwanangu akameza fundo la maji, akatema, akauliza "baba nani kamwaga chumvi humu?" Nikamwambia tukifika nyumbani ntakuonyesha. Na we unaweza, ni kazi ya jioni moja tu.

Andaa lita moja ya maji ya bahari, kitambaa safi, yai bichi, siki au ndimu, na sufuria ya stili. Ya alumini achana nayo, chumvi inaila mpaka inatoboka vishimo. Maji usichote karibu na mto unapoingia baharini wala kipindi cha masika, yanakuwa yamezimuliwa. Na sio ufukwe wenye mtaro wa maji machafu, maana kuchemsha kunaua vijidudu ila kemikali haziendi popote.

Kabla ya sufuria anza na birika, hasa kama mnatumia maji ya kisima. Angalia chini, si kuna ukoko mweupe? Dondoshea siki. Ukitoa povu ujue ni chokaa, na hiyo imetoka kwenye maji unayoyaita baridi kabisa, yaani yasiyo na chumvi! Iko hivi, mvua ikishuka inabeba hewa ukaa kidogo inakuwa na uasidi mdogo sana, inalamba miamba, Rufiji na Pangani zinasomba huo mzigo mpaka baharini alafu jua linavuta maji peke yake, mzigo unabaki, mvua inanyesha tena, safari inaanza upya, miaka mamilioni. Birika lako ndo bahari ndogo. Edmond Halley, yule wa nyota mkia, aliandika kitu kama hiki mwaka 1715.

Utauliza sasa mbona bahari haina ladha ya chokaa. Swali zuri. Chokaa ina wateja wengi kule, konokono, chaza, matumbawe, wote wanajengea nyumba zao. Sodiamu, ambayo ikikutana na klorini ndo chumvi yenyewe, haina mteja wa maana kwahiyo inajikusanya tu. Mwenzake klorini nyingi ilitoka tumboni mwa dunia kupitia volkano, na kule chini baharini kuna chemchemi za moto ambazo watu walizikuta 1977 karibu na Galápagos, nazo zinatoa madini yake.

Haya, sufuria. Chuja maji kwa kitambaa, tumbukiza yai, litazama. Litoe, chemsha mpaka ibaki kama theluthi, acha yapoe kabisa alafu rudisha yai. Sasa linaelea, na hapo mwanangu alipiga kelele jirani akachungulia. Chumvi ni ileile, maji ndo yamepungua, kwahiyo yaliyobaki ni mazito zaidi na yanalibeba yai.

Utaona pia maji yameanza kuwa na ukungu mweupe, hiyo ni chokaa na jasi, zenyewe zinatangulia kuganda, so chuja tena. Rudisha jikoni moto mdogo, koroga, chembe za chumvi zitaanza kujitokeza. Hapa ndo watu wanaharibu: USIKAUSHE mpaka mwisho. Yakibaki maji kidogo ya kulowesha chumvi tu, epua, mimina kwenye kitambaa, yanayochuruzika mwaga. Hayo ndo yana magnesiamu, machungu balaa. Mi mara ya kwanza nilikausha yote, chumvi ikawa chungu ya kukunja uso na asubuhi nikaikuta imelowa chapachapa kwenye bakuli, inavuta unyevu wa hewani.

Lita moja ina gramu 35 hivi za chumvi zote kwa ujumla, we utapata pungufu, labda kijiko kimoja na nusu cha chakula. Ukipiga hesabu ya gesi ni hasara tupu, ndo maana Bagamoyo wana majaruba na Gongoni kule Kenya wana mashamba ya chumvi, jua linafanya kazi bure.

Dogo akaja na lingine: Ziwa Victoria nalo linaingiza mito, mbona ni baridi? Kwa sababu lina mlango wa kutokea, Jinja pale, mzigo unaondoka na Nile. Ziwa Natron halina mlango, mito inaingia, jua linakausha, basi. Ila la Natron usijaribu kuonja, yale ni magadi, yatakubabua ulimi.