Kabla hujalipia kitabu cha mtoto

Mzazi mwenzangu wa Tanga, ukienda kumtafutia kitabu mwanao wa darasa la 5, 6 au 7, nenda naye. Fungua katikati, asome ukurasa mmoja kwa sauti, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vikifika vitano, bado kizito kwake. Labda umsomee wewe. Viwili vitatu, kinamfaa. Juzi Ngamiani binti yangu alikunja vitatu, lakini alipomaliza ukurasa akafunua unaofuata bila kuambiwa. Nikalipa palepale! Kilikuwa hadithi ya wavuvi, watu anaowaona kila siku pale soko la samaki la Deep Sea. Anayekaribia kidato cha 1 mwongezee na cha Kiingereza chepesi, maana huko masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza.