Somo: Kuhamisha njia ya mabomba ya intakula kwenye gari la turbo

Wengi wanaotoa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) juu ya injini au ndani ya madigadi na kuileta mbele ya rejeta huumiza kichwa kuchagua intakula yenyewe, halafu mabomba wanayapitisha popote palipo na nafasi. Mimi naanza na mabomba. Intakula ya kawaida iliyofungwa vizuri itakupa gari zuri. Ya bei kubwa yenye kiungo kimoja kinachovuja itakupa turbo inayofanya kazi ya ziada bila faida.

Turbo ikibana hewa, inaipasha moto. Kwa presha ya bar 1 hivi, hewa inayotoka kwenye turbo inaweza kuvuka nyuzi joto 100. Kwa hiyo katika somo hili bomba la kutoka turbo hadi intakula ni upande wa moto, na la kutoka intakula hadi throto (mlango wa hewa wa injini) ni upande wa baridi.

Hatua ya kwanza: tafuta njia kabla ya kukata chochote. Injini iwe imepoa, betri imechomolewa, bampa limetolewa. Chukua mpira laini au waya mnene, upitishe pale unapotaka bomba lipite, kisha kagua. Zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, uone kama tairi linagusa. Funga boneti. Angalia feni, mkanda, na umbali kutoka kwenye ekzosi, hasa kwa upande wa baridi, maana hakuna sababu ya kupoza hewa halafu kuipasha tena. Bomba lisiwe kitu cha chini kabisa kwenye gari. Na chuma kilicho nyuma ya bampa usikikate ili kupata nafasi: hicho ndicho kinachokulinda ukigongana. Kama njia haipatikani bila kukikata, badilisha njia au chukua intakula ndogo.

Hatua ya pili: kipenyo. Kwa injini za lita 1.5 hadi 2.5, milimita 51 au 57 upande wa moto na 63 upande wa baridi hutosha kwa magari mengi ya barabarani. Kuna hofu kwamba bomba refu au pana litachelewesha turbo. Piga hesabu: mita 2 za bomba la milimita 51 hubeba kama lita 4 za hewa, za milimita 76 kama lita 9. Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 3000 kwa dakika humeza karibu lita 50 kila sekunde. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko hasara ya kona kali zilizobonyea. Tumia kona zilizokunjwa bila kupunguza kipenyo, na chache iwezekanavyo.

Hatua ya tatu: kata, safisha. Kila ncha inayoingia kwenye mpira iwe na ukingo ulioinuka kuzunguka mdomo. Bomba lenye ncha laini litachomoka tu. Ukimaliza kukata na kuchomelea, osha ndani hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Vumbi la alumini linaingia moja kwa moja kwenye silinda. Midomo ya turbo na throto izibwe kwa vifuniko muda wote, si kwa matambara, kwani tambara husahaulika humo ndani.

Hatua ya nne, na hapa usiwe na haraka: viungo. Injini hucheza juu ya maunting zake kila unapokanyaga mafuta, lakini intakula imefungwa kwenye bodi. Ukiunganisha viwili hivi kwa bomba gumu, kitu kitapasuka. Weka mpira wa silikoni wenye tumbo (uliovimba katikati) pale bomba linapotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, kisha shikilia bomba lenyewe kwa bano (kishikilio cha chuma), ili mpira usibebe uzito. Mabomba yakaribiane ndani ya mpira bila kugusana. Klipu iwe nyuma ya ukingo ulioinuka, kamwe isiwe juu yake. Napendelea klipu za bolti. Za skrubu zenye matundu hukata silikoni.

Hatua ya tano: jaribu kwa kompresa. Ziba mdomo wa turbo unaovuta hewa kwa kifuniko chenye vali, ziba mpira wa pumzi ya injini (unaotoa mvuke wa oili) upande wa bomba la hewa, ili presha isiingie ndani ya injini na kusukuma sili za oili, kisha ongeza hewa polepole kwa regyuleta hadi presha ya kawaida ya turbo yako. Usisimame mbele ya kifuniko. Nyunyizia maji ya sabuni kila kiungo. Povu likitokea, punguza presha hadi sifuri kwanza, ndipo ukaze.

MASWALI

Mkuu, shukrani kwa somo. Bomba langu la upande wa moto linachomoka kila nikikanyaga. Klipu nimekaza hadi basi.

Acha kukaza, unaharibu mpira. Toa, futa oili kabisa kwenye bomba na ndani ya mpira, angalia kama kuna ukingo, halafu weka bano. Mara nyingi kinacholichomoa ni oili na mtikisiko.

Naweza kutumia mabomba ya plastiki ya maji kwa muda?

Hapana. PVC huanza kulegea karibu na nyuzi 80, na hewa yako inazidi hapo.

Fundi, vali ya kutolea presha niiachie nje?

Kama gari lina eaflo (sensa inayopima hewa inayoingia) kabla ya turbo, irudishe kwenye bomba kati ya eaflo na turbo. Hewa hiyo imeshapimwa. Ukiimwaga nje, kompyuta itamwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo haipo, na gari litatoa moshi mweusi au kuzima ukiachia mafuta. Kama linapima kwa sensa ya presha, si tatizo.

Yangu ni dizeli. Nimefungua intakula nikakuta oili. Niendelee?

Utando mwembamba ni kawaida. Ikiwa inamwagika ukiinamisha, usiwashe gari. Dizeli inaweza kuunguza oili hiyo na kupanda mizunguko hata ukizima swichi. Kagua turbo na pumzi ya injini, osha intakula, ikauke, ndipo ufunge mabomba mapya.