Kuandaa maonyesho ya picha kwenye galari ya mtaa: bei, ukuta, taa na siku ya ufunguzi

Galari nyingi za mtaani Dar es Salaam ni chumba kimoja kilichowahi kuwa duka au sebule: kuta za tofali za saruji, feni, na dirisha linaloingiza jua la jioni. Chumba cha mita 6 kwa 5 kinabeba picha 15 hadi 20 za ukubwa wa kati. Ukizipanga 35, panakuwa kama kibanda cha vinyago Mwenge: kila kitu kipo, hakuna kinachoonekana.

Anzeni na makaratasi, wiki sita kabla. Kila kazi inayopokelewa iwe na fomu ya nakala mbili, moja ya msanii, moja ya galari. Iandikwe jina la kazi, mwaka, imechorwa kwa rangi gani na juu ya kitu gani, vipimo kwa sentimita, hali ilivyofika (mkwaruzo wowote upigwe picha hapo hapo), nani atalipa ikiharibika, na tarehe ya mwisho ya kuichukua.

Halafu bei, na hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Muulize msanii anataka kupata shilingi ngapi mkononi. Akisema 210,000 na galari inachukua asilimia 30, bei ya ukutani ni 210,000 gawanya kwa 0.7, yaani 300,000. Wengi huchukua 210,000 wakaongeza asilimia 30 juu yake, wakapata 273,000. Picha ikiuzwa, galari inakata asilimia 30 ya hiyo 273,000 na msanii anabaki na 191,100. Hatakuja tena, na atawaambia wenzake.

Barua ya taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hasa kama kutakuwa na spika nje. Kuhusu kibali cha tukio, ulizeni mapema BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) au kwa afisa utamaduni wa halmashauri.

Kazi zikianza kuingia mtapokea Tingatinga nyingi, staili iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Mpaka leo huchorwa kwa rangi ya mafuta ya kopo. Rangi hiyo inadanganya: kesho yake ukigusa ni kavu, lakini ndani bado laini, na kwa joto la Dar picha mbili zikilaliana zinagandana. Zikae angalau wiki moja zimesimama, hewa ikipita katikati, na zisifungwe kwa nailoni.

Ukuta upakwe rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, mikono miwili, siku nne au tano kabla ya kutundika. Chokaa hapana, inaachia unga kwenye nguo za wageni. Rangi inayong'aa nayo inarudisha mwanga wa taa machoni.

Kama mtafanya maonyesho zaidi ya mara mbili kwa mwaka, acheni kutoboa ukuta kila mara. Mwambieni fundi wa kuchomelea afunge bomba la chuma la nusu inchi karibu na dari, ukuta mzima, na awatengenezee ndoano za umbo la S. Picha zishuke kwa waya wa chuma wa kusukwa. Mshipi wa kuvulia ni mzuri kwa kuwa hauonekani, ila unavutika. Picha iliyokaa sawa Alhamisi, Jumamosi imeshuka upande mmoja.

Bila bomba, kila picha itahitaji tundu. Biti ya milimita 6, kina cha sentimita 5, fisha (plagi ya plastiki inayoshika skrubu ukutani) ya namba 6, skrubu ya 4 kwa 40. Picha inayozidi kilo 8 iwekewe skrubu mbili. Lipu ikimeguka na fisha ikazunguka tu, msilazimishe kwa njiti za kiberiti. Hamisheni tundu sentimita 5, la zamani lizibwe.

Kimo kinapigiwa hesabu. Katikati ya kila picha, kubwa kwa ndogo, iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Chukua urefu wa picha, gawa kwa mbili, jumlisha 150, kisha toa umbali kati ya ukingo wa juu na waya wa nyuma ukiwa umevutwa. Picha ya urefu wa sentimita 80 ambayo waya wake uko sentimita 6 chini ya ukingo: 150 jumlisha 40, toa 6, skrubu inaingia 184. Kwa upana, ukuta wa mita 6 wenye picha tano za sentimita 60 unabakiwa na mita 3. Gawa kwa nafasi sita, ni sentimita 50 kila moja. Pangeni kwanza sakafuni, chini ya ukuta wenyewe, mkaangalie kutoka mlangoni. Tundikeni ya katikati kwanza, pimamaji mkononi. Pembe mbili za chini nyuma ya fremu zibandikwe vipande vya sponji ili hewa ipite. Wakati wa masika ukuta unatoa unyevu, na picha iliyougusa inaota ukungu.

Vinyago vya mpingo viwekwe mbali na kiyoyozi na jua, la sivyo vinapasuka. Sanduku la plaiwudi la kuvisimamishia, kimo sentimita 90, liwekwe mfuko wa mchanga ndani. Watoto wa mtaa watalisukuma, hilo halina mjadala.

Taa zifungwe mwisho. LED za kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga; hizi ni za manjano kidogo) zinatosha. Zile nyeupe za 6,500 zilizojaa madukani zinapausha nyekundu na kahawia. Dari likiwa mita 2.7, taa ikae kama sentimita 70 kutoka ukutani. Ukiisogeza karibu, fremu inatupa kivuli juu ya picha. Ukiipeleka mbali, mgeni anaona kivuli chake mwenyewe. Michoro ya wino na rangi za maji isiwekwe ukuta unaopigwa na jua la dirishani. Taa za chaji mbili ziwe tayari, umeme hautoi taarifa.

Ufunguzi ufae majirani: Jumamosi saa 10 alasiri hadi saa 1 usiku, hotuba saa 11, dakika kumi basi, ziishe kabla ya adhana ya magharibi. Chakula na vinywaji vibaki barazani. Kashata na bisi ni salama kuliko sambusa, maana mafuta ya vidoleni yanaishia kwenye fremu, na juisi ya rozela ikimwagika ukutani haitoki.

Stika nyekundu, alama kwamba picha imeuzwa, inabandikwa fedha zikishaingia, si mtu akisema "nitatuma kesho". Anayetaka kuwekewa alipe nusu. Lipa namba iwe ya galari, isiwe ya simu ya mtu.

Mnunuzi anayesafiri na picha ya kanvasi, ivingirisheni upande wa rangi ukiwa nje, maana ukiwa ndani unajikunja na kupasuka. Wekeni karatasi ya kuokea juu ya rangi, kisha ndani ya bomba la plastiki la inchi 4.

Wasanii walipwe ndani ya siku saba, kila mmoja akisaini nakala ya fomu yake. Kazi zisizouzwa zichukuliwe kwa tarehe iliyoandikwa; zikibaki stoo, ziinuliwe kutoka sakafuni, kwa sababu mchwa huanzia chini.