Mtafute Kwanza, Ndipo Ufungue Faili Jipya

Huku Kisumu, ukiandika "Atieno" kwenye kompyuta ya kliniki, jiandae kusoma. Waluo wengi humpa mtoto jina kwa saa aliyozaliwa: Akinyi wa asubuhi, Achieng wa jua la mchana, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku. Usiku huwa mmoja kwa vijiji vyote, kwa hiyo akina Atieno hujaza ukurasa mzima. Muuguzi mgeni akiona orodha hiyo na foleni imefika mlangoni, anabonyeza "mgonjwa mpya" na kuendelea.

Nami nilibonyeza, mwaka tulioletewa kompyuta. Mama alikuja na jipu, akaandikiwa sindano ya penisilini. Faili nililomfungulia lilikuwa jeupe. Nimeshavuta dawa, akaniuliza, "Sista, hii si ile iliyonifurisha uso mwaka jana?" Nikaiweka sindano chini. Tulipotafuta vizuri, faili lake la zamani lilikuwepo, jina limeandikwa "Atyeno", na mzio wa penisilini umeandikwa mle. Mashine haikukosea. Niliyeficha taarifa ni mimi.

Basi, tafuta hivi. Usimuulize mgonjwa, "Wewe ni Atieno?" Mtu mwenye homa huitikia kila jina. Muulize, "Jina lako kamili nani?" naye alitamke mwenyewe. Andika herufi tatu za mwanzo tu, kisha jaribu jina la baba au la mume, maana makarani hawaandiki jina kwa namna moja. Ukipata wanaofanana, linganisha mwaka wa kuzaliwa na kijiji. Namba ya kitambulisho ndiyo bora, na kwa mtoto angalia kijitabu cha mama na mtoto. Namba ya simu usiitegemee peke yake: leo ni ya mume, kesho ni ya jirani.

Tarehe 1 Januari nayo iangalie kwa jicho kali. Wazee wengi wanajua mwaka tu, na aliyewaandikisha akajaza siku ya kwanza ya mwaka. Kama programu yako ina kisanduku cha makadirio ya umri, kitie alama. Na ukigundua mtu mmoja ana mafaili mawili, usifute lolote. Mwambie afisa wa rekodi ayaunganishe.

Wapo wanaosema mambo haya ya kompyuta ni ya wazungu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, jirani na Eldoret, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Uzoefu wa huko ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu inayotumika leo katika nchi nyingi, na KenyaEMR yetu, programu ya rekodi za wagonjwa hapa Kenya, imejengwa juu yake. Kwa hiyo usiiogope, ni mtoto wa hapa.

Sasa namba. Nukta ndogo inaweza kuua. Mtoto wa kilo 10.5 akiandikwa 105, paracetamol ya miligramu 15 kwa kila kilo inatoka miligramu 157.5 na kuwa 1,575. Baadhi ya programu hukataa uzito wa ajabu, nyingine hunyamaza. Mimi humsomea mama kwa sauti: "Kilo kumi na nusu, sivyo?" Yeye ndiye aliyembeba mgongoni, atakushtukia. Utepe wa kupima unene wa mkono wa mtoto vilevile: 11.5 kwa sentimita ni 115 kwa milimita, basi soma sanduku linataka kipimo gani.

Geuza meza ili uso wako umwelekee mgonjwa, si ukuta. Ukiinuka hata kwa chai, toka kwenye akaunti yako. Kitakachoandikwa kwa jina lako utakijibu wewe. Picha ya faili kwenye kikundi cha WhatsApp cha zamu, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Stima ikipotea, na itapotea, rudi kwenye rejista ya karatasi, uandike saa ya kila tendo. Ikirudi, ingiza saa uliyotoa dawa, si saa unayochapa. Hapa ndipo Kiswahili chetu hututegea mtego: saa nne asubuhi kwa mashine ni 10:00. Mwanafunzi mmoja wetu aliandika 04:00 kwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, ya mtoto aliyezaliwa saa moja asubuhi, na kwa mujibu wa kompyuta yule mtoto alichanjwa saa tatu nzima kabla ya kuzaliwa.