Jambia la urithi: namna ya kujua lilikotoka

Kwanza, usilisugue. Ndimu na jivu huondoa ule weusi wa fedha na pamoja nao alama ndogo unazozitafuta. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi. Kisu kikiwa kimeshikwa na kutu ndani ya ala, kama ilivyo kawaida kwa hewa ya chumvi ya Lamu, usikivute kwa nguvu: mpini utang'oka kwenye msuka (ncha ya kisu inayoingia ndani ya mpini) au mbao za ala zitapasuka.

Kisu, mpini na ala vichunguze mbalimbali, uandike jibu la kila kimoja. Mpini ukivunjika hutiwa mwingine, na ala mpya hushonewa kisu cha zamani, kwa hiyo jambia moja laweza kuwa na asili mbili au tatu.

Anza na ala. Ya Oman hupinda karibu pembe mraba, na ina pete za fedha za kufungia mkanda, mara nyingi nne au saba. Ya Yemen kwa kawaida hupinda zaidi, ncha ikarudi juu kama ndoana. Usikadirie umbo la kisu kwa kuitazama ala: chenyewe huwa na mpindo mdogo tu.

Ukiona riale ya fedha imepachikwa, yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, usitangaze kwamba jambia ni la mwaka huo. Sarafu hizo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile muda mrefu baada ya kifo chake. Hapa ndipo wengi hukosea, na wauzaji wanalijua hilo.

Mpini utazame kwa kioo cha kukuza mara 10. Mstari wa kiungo ubavuni ni dalili ya plastiki iliyomiminwa. Nyuzi nyembamba zilizoshikamana kama nywele zaweza kuwa pembe ya kifaru. Jaribio la sindano ya moto liache, linaharibu. Ukishuku kifaru au ndovu, usiuze wala usisafirishe: sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza kumiliki nyara bila kibali. Nenda KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Kwenye kisu, angalia bapa karibu na noleo (pete inayobana mpini kisu kinapoanzia), ukiinamisha taa ubavuni. Jambia lililofuliwa kwa mkono huwa na mgongo katikati ya bapa pande zote mbili, na mara nyingi halina chapa. Kama urithi wenu ni kisu kilichonyooka, tafuta "Solingen" (Ujerumani) au "Sheffield" (Uingereza). Neno "Germany" huonyesha kwa kawaida kwamba kisu ni cha baada ya 1887, Uingereza ilipotunga sheria ya alama za bidhaa. "Stainless" ni baada ya 1913.

Halafu piga picha pande zote pamoja na rula, uulize wazee nani alilivaa na kwa sherehe gani, uende nazo Makumbusho ya Lamu ulinganishe.