Chardonnay ya pipa usiinywe ikiwa ya barafu
Jamani mkipata Chardonnay, ile divai nyeupe, iliyolala kwenye pipa la mwaloni, zile nzito za Napa kule Marekani au Meursault kule Ufaransa, msiinywe ya baridi kama soda, itoeni kwenye friji dakika 15 hadi 20 kabla, ifike kama nyuzi 12 hivi, maana ikizidi baridi harufu zote zinajificha. Mimina kidogo kwenye glasi pana, zungusha, nusa kwanza. Vanila na mkate uliochomwa vinatoka kwenye pipa, ile harufu ya siagi ni kazi ya bakteria wanaogeuza asidi kali ya tufaha kuwa laini ya maziwa. Ikinukia mbao tupu, tunda halisikiki, mi siisifii hata iwe bei gani. Kwa kuku wa kupaka inakaa poa sana aisee, pilipili tu punguza.