Kupasha kiporo kwenye maikrowevu hadi katikati

Mawimbi ya maikrowevu hupenya chakula chenye majimaji sentimita 2 hadi 3 tu. Zaidi ya hapo, katikati husubiri moto wa pembeni ufike, na moto huo hauna haraka. Tena ndani ya oveni mawimbi hayasambai sawasawa: pengine pana nguvu, pengine hakuna kitu. Ndiyo maana sahani huzunguka.

Basi wali usiurundike. Utandaze kwenye sahani pana ya duara, kimo kisizidi sentimita 3, na katikati uache shimo tupu. Chombo cha pembe nne hukausha wali kwenye kona, kwa kuwa kona hupigwa na mawimbi kutoka pande mbili. Nyunyizia kijiko kimoja cha maji, funika, acha upenyo mdogo wa mvuke.

Kwa oveni ya wati 800, sahani ya mtu mmoja iliyotoka kwenye friji ipe dakika 2 kwa nguvu ya asilimia 70. Toa, geuza, wali wa pembeni uingie katikati. Rudisha dakika 1, kisha uache umefunikwa dakika 2 nyingine. Hizo za mwisho usiziruke: joto bado linatembea. Katika oveni nyingi, ukipunguza nguvu utasikia mlio ukikata na kurudi. Kila unapokata, moto unapata nafasi ya kuingia ndani. Oveni ya wati 600 iongezee muda kwa theluthi.

Ugali mzima haupashiki vizuri. Kata vipande vya sentimita 2, vipange kuzunguka ukingo wa sahani, funika kwa taulo ya karatasi iliyoloweshwa. Maharage ya nazi yaende kwa asilimia 50, ukikoroga kila dakika, la sivyo tui litakatika. Yai zima usiliweke kabisa, hata lililochemshwa na kumenywa. Linaweza kupasuka ukilitia kisu.

Nyama iliyoganda ndiyo inayoharibiwa zaidi. Barafu hunyonya mawimbi kidogo sana kuliko maji, hivyo palipoanza kuyeyuka panaiva huku pengine pakiwa bado jiwe. Tumia asilimia 30, geuza kila dakika 2, toa ingali na barafu kidogo ndani, na uipike papo hapo.

Kiporo kimepata moto kikifika nyuzi 74 katikati, penye unene zaidi. Huna kipimajoto? Koroga, fukua katikati: mvuke utoke hapo pia. Lakini wali uliolala mezani usiku kucha umwage. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha humo sumu isiyoondoka kwa kupashwa, hata uuchemshe namna gani. Wali uliobaki uingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita tangu kuiva, ukiwa umetandazwa kwenye chombo kifupi upoe upesi.